Mama kafungiwa Mji wa Kale, futari nampelekea vipi?

MtuWaKisauni:
Asalam aleikum jamani. Mamangu yuko Kibokoni peke yake na tangu hii tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale hapa Mombasa umefungwa kwa korona, haingii mtu hatoki mtu. Kila Ramadhani mimi ndo humpelekea futari, nafungua naye halafu tarawehe msikitini. Mwaka huu misikiti imefungwa, kafyu saa moja na magharibi ni kama saa kumi na mbili na robo, yani hata huo mji ungekuwa wazi ningemeza tende mbili nikimbie. Chakula si shida sana, uji wake wa pilipili manga anajipikia, shida ni upweke, ana kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, haina video na ukipiga dakika mbili tu ashasema mwanangu usimalize kredo. Wenye wazee huko ndani mnafanyaje? Na tarawehe je, anaweza kumfuata imamu kwa redio?

bint_kibokoni:
Waleikum salam. Weee, mie niko humu humu na mamangu yuko Kisauni huko kwenu! Basi mie nampikia wako, wewe mpikie wangu. Leo nina mbaazi za nazi na mahamri, kijana wangu atabisha hodi aweke sahani barazani arudi nyuma na maski yake. Ila jua sahani haitarudi tupu, mama zetu hawa hata umwambie korona atakutilia kaimati tu. Nitumie namba ya mlango inboksi

ustadhi_wa_mtaa:
Kumfuata imamu wa redioni haisihi ndugu yangu, swala ya jamaa yataka mwe pahali pamoja. Tarawehe ni suna, aswali nyumbani, na kama hakuhifadhi sura ndefu ashike msahafu, sisi Mashafi, wa madhehebu ya Imamu Shafi, hilo halina neno, Bi Aisha mke wa Mtume alikuwa akisalishwa na mtumishi wake Dhakwan naye asoma kwenye msahafu. Redio aiwache ya darsa.

jirani_likoni:
Poleni. Sisi Pasaka tarehe 12 Aprili tuliifanyia sebuleni, misa kwa TV. Babangu yuko mbali naye hapendi simu ndefu, so tulipiga tukaweka spika hapo mezani tukaendelea kula, hakuna kumhoji umekula nini umelala vipi, anasikia tu watoto wakigombania chapati na yeye anawakemea toka huko. Alikaa mpaka chai. Na pesa ya kredo mtumie tu, M-Pesa kipindi hiki cha korona 2020 mpaka 1,000 haikati kitu

MtuWaKisauni:
Mungu awalipe. Hiyo ya spika naijaribu leo magharibi. Bint, mamako anapenda nini?

bint_kibokoni:
Samaki wa kupaka. Ana presha, chumvi kidogo. Na akikwambia daktari kamruhusu viazi karai usimsikize, anakudanganya 😂