Naomba ushauri: potifolio za simu kwa vijana wanaojifunza kuunda vyombo vya baharini

Asalaam aleikum wanajamvi. Niko Matondoni, Lamu, tunaunda na kukarabati majahazi na mashua. Nataka kila kijana anayejifunza kazi hapa awe na potifolio yake ya kidijitali, yaani mkusanyo wa kazi zake, ili akienda kwenye mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya) awe na cha kuonyesha.

Picha zipo tele. Tatizo zinaonyesha chombo, hazionyeshi kijana amejifunza nini. Mashua ikishatiwa kalafati, yaani kuzibwa nafasi kati ya mbao, utajuaje nani aligonga pamba na nani alikuwa akishika taa tu? Kwa hivyo sasa wanapiga picha kila hatua, kuanzia mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake), kisha wanaeleza kwa sauti walikwama wapi na fundi aliwasahihisha vipi. Fundi mkuu mwenyewe kuandika hataki kusikia (mkono wake ni wa tezo ya kuchongea mbao, si wa kalamu), basi maoni yake tunayarekodi.

Yote yamejazana WhatsApp, na simu ikitumbukia majini ndiyo basi tena.

Mliowahi kufanya hivi, mnapanga kwa jina la kijana au kwa hatua ya kazi? Mnahifadhi wapi intaneti ikisumbua? Na watahini hukubali maoni ya sauti, au lazima fundi atie sahihi kwenye karatasi?