Mafundi na wabunifu wa makabati ya nguo, mnatujengea picha!

Wakuu, leo nina hasira na naomba mnivumilie maana uzi ni mrefu.

Chumbani kwangu kuna kabati jipya la ukutani, limeanzia sakafuni hadi darini, milango miwili mikubwa ya kuteleza, inang'aa, haina kishikio hata kimoja, na ndani kuna taa zinazowaka zenyewe mlango ukiguswa. Kila anayeliona analisifu. Nguo zangu ziko juu ya kiti na nyingine kwenye sanduku chini ya kitanda, kwa sababu kabati haliwezi kuzibeba. Nimelipa hela yote ya kazi, na aliyebuni akiulizwa anajibu kwamba ndivyo makabati ya kisasa yalivyo.

Nianze na kina, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Henga ya kawaida ya mtu mzima ina upana wa sentimita 42 hadi 45. Ukiivika shati au koti, mabega na mikono vinaongeza, unafika 50 na zaidi. Kwa hiyo nguo zikining'inia kwa ubavu zinahitaji nafasi ya ndani ya kama sentimita 55, na kabati lote kwa nje liwe na kina cha 60 hivi, zaidi kidogo kama milango ni ya kuteleza. Hili ni jambo la siku ya kwanza katika useremala wa makabati. Mimi nimewekewa 50 kwa nje, eti chumba kisibanwe. Milango ya kuteleza hukaa mmoja mbele ya mwingine, na reli zake zimekula karibu sentimita 10. Ndani nimebakiwa na 40. Yaani henga tupu, bila nguo, haienei! Kila kitu kinakaa mshazari, mikono ya mashati inanaswa na mlango unaposukumwa, na nguo niliyoinyoosha kwa pasi jioni asubuhi inatoka na mikunjo.

Na kama chumba kweli hakiruhusu kina cha 60, dawa ipo na ni ya zamani: unafunga bomba fupi la kutundikia henga, linalovutika kuja mbele, nguo zikae zikikutazama badala ya kukaa kwa ubavu. Zinaingia nguo chache, lakini zinaingia. Hakuna aliyenitajia jambo hilo. Alichoniuliza mbunifu ni rangi ya milango, kama nataka iwe ya kung'aa au ya kufifia, na kama taa iwe nyeupe au ya manjano.

Hapa ndipo ninapotaka watu wanielewe. Tangu tulipoanza mazungumzo mpaka siku ya kukabidhi, mtu huyu hakuomba kuona nguo zangu. Hakuuliza zipi zinaning'inizwa na zipi zinakunjwa, nina viatu kiasi gani, nani mwingine anatumia kabati, mkono wangu unafika wapi nikinyoosha. Alifungua simu akanionyesha picha, akasema tutafanya kama hii. Zitazameni vizuri hizo picha: mashati sita ya rangi moja, mkoba mmoja, jozi tatu za viatu. Hakuna blanketi, hakuna begi la safari, hakuna nguo za baridi za familia. Unawezaje kupima kabati la mtu kwa kutumia picha ya nguo zisizo na mwenyewe?

Matokeo yake ndiyo haya. Upande wa kushoto wote una bomba moja tu, limefungwa juu kabisa, zaidi ya mita mbili kutoka sakafuni. Silifikii bila kupanda kigoda. Shati, blauzi, au suruali iliyokunjwa katikati huchukua urefu wa kama mita moja ikining'inia. Kwa hiyo chini ya nguo zangu kuna zaidi ya mita nzima ya hewa. Palistahili mabomba mawili, moja juu ya jingine, na nafasi ya kuning'inizia ingekuwa mara mbili bila kuongeza ubao hata mmoja wa pembeni. Sehemu ndefu, ya sentimita 150 au 160 na kuendelea, huachwa kwa magauni marefu na makoti, na kwa watu wengi inatosha ikiwa nyembamba tu. Mimi nina ukumbi wa hewa.

Droo sasa. Hili ndilo lililonifanya nipandishe sauti. Milango ni miwili ya kuteleza, kwa hiyo wakati wowote unaona nusu tu ya kabati. Droo zangu zimewekwa katikati kabisa, pale milango inapopishana. Nikisukuma mlango wa kulia, wa kushoto unazuia upande mmoja wa droo. Nikisukuma wa kushoto, wa kulia unazuia upande wa pili. Droo haitoki! Kuna droo nne nzuri, zenye reli za gololi zinazojifunga polepole, na hakuna hata moja inayovutika mpaka mwisho isipokuwa nikiung'oa mlango. Mtu alichora hivi, mwingine akakata mbao, wa tatu akafunga skrubu, na wote watatu hawakuona?

Sisemi milango ya kuteleza ni mibaya. Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 60 unahitaji sentimita 60 za kufungukia, na wewe uwe na pa kusimama, kwa hiyo kama kitanda kiko karibu, wa kuteleza ndio unaofaa. Lakini ukiuchagua, mgawanyo wa ndani lazima ufuate milango: kila safu ya droo ikae nyuma ya mlango mmoja, mbali na mpishano. Kwa milango ya bawaba nayo droo za ndani zisogezwe kidogo kutoka ubavuni, zisigonge mlango uliofunguka nusu. Hayo ni mambo ya kuchora kwenye karatasi kabla msumeno haujawashwa.

Shelfu zimeanza kupinda. Ni chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) ya milimita 16, imetandazwa mita moja na robo bila nguzo katikati, halafu juu yake nimeweka jinzi na mashuka. Chipbodi haina shida ukiijua. Ukivuka sentimita 80 hivi, weka ubao wa kusimama katikati au tumia ubao mnene zaidi. Na kingo za nyuma hazikufungwa ukanda, chipbodi iko wazi, ikikutana na unyevu inavimba na hairudi tena.

Na unyevu upo. Kabati limegandamizwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, halina tundu hata moja la hewa. Hewa yenye unyevu ikigusa ukuta wa baridi inaacha maji, na mahali palipofungwa yale maji hayana pa kwenda. Nguo za nyuma zimeanza kunuka ukungu, na viatu vya ngozi vina madoa meupe. Kilichotakiwa ni kuacha upenyo wa sentimita chache nyuma, na matundu chini na juu ili hewa izunguke. Matundu hayapendezi kwenye picha, nadhani ndiyo maana hayapo.

Taa nazo zimefungwa mgongoni mwa kabati, nyuma ya nguo. Zinaangaza ukuta. Mimi nasimama mbele nikibahatisha kati ya nyeusi na bluu ya giza. Zilitakiwa kufungwa mbele, nyuma ya ukingo wa juu, zikitazama ndani, na ziwe za CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi, mwisho wake 100) ya 90 au zaidi ili rangi zionekane zilivyo.

La mwisho si la mapambo hata kidogo. Kuna kikabati cha droo kilichokuja pamoja na kazi hii, kinasimama peke yake, na hakikufungwa ukutani. Ukivuta droo mbili za juu kinainama. Mtoto akipanda droo kama ngazi, kinamwangukia. Watoto wamekufa hivyo, kiasi kwamba Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 ya kulazimisha samani za kuhifadhia nguo zipimwe uimara dhidi ya kuanguka. Kipande cha chuma na skrubu mbili ukutani, basi. Nimekifunga mwenyewe.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wanasema ningeeleza mapema ninachotaka. Mimi najua nguo zangu, sijui vipimo vya henga wala reli. Anayejua vipimo ndiye anayelipwa, na yeye ndiye mwenye wajibu wa kuuliza. Mgonjwa hapangi dozi yake.

Kwa mafundi mliomo humu, naomba majibu ya kweli. Kuta za pembeni ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, zimeunganishwa kwa skrubu bila gundi. Je, naweza kuongeza fremu ya sentimita 12 mbele, nikahamishia reli za milango huko, nipate kina bila kubomoa lote? Na droo zikihamia kushoto, bomba la pili nililifunge kwa kimo gani kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 160?