Mume wangu anakata pumzi usingizini, kisha anakurupuka akitweta

Mama Kayole: Habari zenu. Nauliza kuhusu baba watoto, dereva wa matatu. Usiku anakoroma hadi watoto wanamsikia chumba cha pili, halafu ghafla kimya. Naona kifua kinahangaika ila hewa haipiti, si puani si mdomoni. Kisha anakurupuka kama mtu aliyeopolewa majini, anatweta, anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki, analalamika kichwa tu. Mama mkwe anasema ni jinamizi, tuombe. Kuomba naomba, lakini juzi alisinzia kwenye usukani Barabara ya Jogoo akiwa na abiria. Naogopa jamani. Presha pia anayo.

Muuguzi wa Eastlands: Pole dada. Unavyoeleza, nashuku koo linaziba. Mtu akilala misuli ya koo hulegea, na kwa wengine njia ya hewa hujifunga kabisa. Pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo unamshtua avute hewa. Hali ikiwa kali hurudia mara 30 au zaidi kwa saa, ndiyo maana mtu analala usiku kucha na bado anaamka amechoka. Na presha hupanda nayo. Mpime shingo kwa tepu ya fundi wa nguo. Mwanamume akipita sentimita 43 hatari huongezeka. Pombe ya jioni aache, alale ubavu.

Baba Shiru: Angalieni na moyo. Marehemu baba alikuwa akiamka saa moja au mbili baada ya kulala, anakaa dirishani ndipo apate hewa. Mito mitatu, miguu imevimba. Kumbe moyo ulikuwa umechoka, maji yanajaa mapafuni.

Mama Kayole: Pole sana kwa baba. Wangu miguu haijavimba, na kifua hakipigi filimbi kama cha mwenye pumu. Jiko la makaa hatulali nalo. Shingo nimepima sasa hivi: 45. Nimwambie daktari nini, na yeye anasema mimi ndiye naota?

Muuguzi wa Eastlands: Mrekodi kwa simu akiwa amelala, uende na hiyo video. Ombeni rufaa kwa daktari wa kifua au wa masikio, pua na koo, apimwe usingizini. Tiba ipo, kuna mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Ila usukani auache mpaka apimwe.

Mama Kayole: Leo usiku namrekodi. Mwenye gari nitampigia mimi mwenyewe.