Tupeane uzoefu: adabu za mgeni katika nyumba za Oman

Ndugu wanajamvi, wengi wetu huenda Muscat kikazi au kuwatembelea jamaa, na kwa kuwa Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za watu wenye asili ya Zanzibar, ni rahisi mgeni kudhani kwamba hana jipya la kujifunza. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyaona.

Naanza na kahawa. Mwenyeji wangu wa mji wa Nizwa, huko huko Oman, alitanguliza tende na halua, kisha akasimama na dele, yaani birika la kahawa, katika mkono wa kushoto na vikombe katika mkono wa kulia, akimmiminia kila mtu kahawa kidogo yenye harufu ya iliki, isiyofika hata nusu ya kikombe. Huo si uchoyo hata kidogo: kahawa hunywewa ingali moto, na mgeni huongezwa tena na tena. Kikombe hupokelewa kwa mkono wa kulia, na ukikirudisha bila ishara yoyote utamiminiwa kingine, kwa hiyo aliyetosheka hukitikisa kidogo anapokirudisha. Kukataa kikombe cha kwanza, kwa maoni yangu, ni kumvunjia mwenyeji heshima, hata kama umetoka kunywa kwa jirani.

Mchangiaji kutoka Tanga: Nakubaliana nawe, nami naongeza suala la salamu. Nilikwenda kwa shughuli ya biashara, lakini hakuna aliyegusia biashara mpaka tulipokwisha kuulizana hali za wazazi, watoto na safari. Wanawake tulikaa chumba chetu. Kaka zangu nao wakumbuke kutomnyooshea mwanamke mkono mpaka yeye aanze.

Mchangiaji kutoka Mombasa: Sisi wa pwani chetezo, yaani chombo cha kufukizia udi, tunakijua, ila wageni wa bara huenda wasielewe kinapopitishwa. Baada ya chakula na kahawa huletwa udi, kila mtu akafukiza nguo zake, na pengine hunyunyiziwa marashi. Hapo ziara imekwisha, na mgeni huaga bila kuharakishwa na mtu.

Mchangiaji kutoka Arusha: Kwa wasio Waislamu, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulioko Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni asubuhi isipokuwa Ijumaa. Wanawake hufunika nywele, mikono na miguu. Mwezi wa Ramadhani, kula au kunywa hadharani mchana ni kosa kisheria, hata kwa msafiri.