Waandaaji wa vijiwe vya teknolojia Dar, mmetuchosha: tulikuja kukutana, hatukuja kuhutubiwa

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, na uzi huu nimeufungua nikiwa nayo hivyo hivyo, maana nikisubiri ipoe nitaandika kwa adabu ambayo hawa watu hawaistahili.

Tangazo lilisema: wapenda teknolojia wa Dar tukutane, tupige stori, tubadilishane ujuzi, kila mtu anakaribishwa. Kiingilio elfu 30. Siku ni Alhamisi, saa 11 jioni, hotelini, Masaki. Anayekaa Mbagala kama mimi anajua hiyo maana yake nini. Unaomba ruhusa kazini, unabadilisha gari mjini, unakwama Selander na mvua inanyesha, unafika umeloa na nauli ya kurudi unaihesabu kichwani. Nikavumilia, kwa sababu nina kitu natengeneza nyumbani na nimekwama, na mtaani kwangu hakuna wa kumuuliza.

Mlangoni kuna meza na dada mwenye tableti. Jina kamili, namba ya simu, barua pepe, unafanya kazi wapi, cheo gani. Hujajaza, hupiti. Ndani viti vimepangwa mistari, vyote vinatazama jukwaa, na nyuma ya jukwaa bango la wadhamini kutoka ukuta hadi ukuta. Tukakaa kumsubiri mgeni rasmi zaidi ya saa nzima. Alipofika akasoma hotuba. Kisha wadhamini, mmoja mmoja, wakanadi bidhaa zao. Kisha wajadili watano wakapanda wakaongea Kiingereza wao kwa wao. Muda wa maswali ulipofika, MC akatangaza yatapokelewa mawili tu kwa sababu muda umetubana. Nani aliubana? Halafu picha ya pamoja, halafu chakula, na chakula kilipoletwa nusu ya watu walishaondoka kuwahi daladala.

Sasa niwaambie kilichoniuma kuliko vyote. Kiti cha pembeni yangu alikaa kijana fundi simu wa Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Kwenye mfuko wa rambo amebeba boksi la plastiki, ndani kuna bodi za simu alizozifungia kwenye tishu. Akanionyesha moja: IC ya chaji, yaani kile kichipu kinachosimamia uchaji, ameing'oa na kuirudisha chini ya maikroskopu, na njia moja iliyokatika ameiunga kwa waya mwembamba kuliko unywele. Skimatiki, yaani michoro ya njia za umeme kwenye bodi, anazisoma, na hakuna shule iliyomfundisha. Shida yake ilikuwa moja: anapokea simu nyingi, anaandika kwenye daftari, wateja wanagombana naye kuhusu garantii, akataka kujua atapataje programu ndogo ya kutunza kumbukumbu, inayofanya kazi hata bando likiisha. Mstari wa mbele yetu walikaa vijana watatu wanaoandika programu za simu, kazi hiyo wangeimaliza wikiendi moja. Na mmoja wao simu yake ilikuwa haichaji, ameizungushia waya ili ishike! Wamekaa mita mbili kutoka kwa fundi saa tatu nzima bila kusemezana neno, kwa sababu kila mtu alilazimishwa kutazama jukwaa. Fundi akaondoka na boksi lake. Ameniambia harudi tena, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Waandaaji, mlikuwa na kazi moja tu, kuwakutanisha hao watu. Mmeshindwa, na mmechukua elfu 30 ya kila mmoja wao.

Haikuishia hapo. Wiki haijaisha, simu zikaanza: mkopo wa haraka, bima, kozi ya forex. Mmoja alinitaja kwa jina langu kamili na cheo nilichokijaza mlangoni, sehemu nyingine yoyote sijawahi kukiandika. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtu zinakusanywa kwa lengo linalojulikana na mwenyewe anaambiwa lengo hilo. Mimi nilijaza ili niingie ukumbini, sikujaza ili namba yangu ikabidhiwe wadhamini. Na jioni ile ile mada mojawapo jukwaani ilikuwa usalama wa mtandao. Ni aibu, na nasema ni aibu nikimaanisha.

Kuna dada mmoja anaandika programu vizuri kuliko wengi wetu. Ameacha kuhudhuria. Mikusanyiko inaisha saa 3 usiku, kwao Gongo la Mboto, na kila akienda kuna mwanaume anamng'ang'ania namba kwa kisingizio cha kujuana kikazi. Alipowaeleza waandaaji wakamjibu huo ni utani wa kawaida. Halafu mwaka ukiisha mnaandika ripoti kwa wafadhili mnauliza kwa nini wanawake ni wachache.

Na grupu la WhatsApp? Tumejazwa humo mamia ya watu, limefungwa, wanaoandika ni maadmini peke yao. Watu waliojiunga ili wazungumze wamefungwa mdomo ili wasome matangazo.

Najua utetezi wenu, nimeshausikia: ukumbi unalipiwa, chakula kinalipiwa, bila mdhamini hakuna kitu. Ukumbi wa nini? Nani aliwaomba ukumbi wa hoteli? Machi 1975, kule Menlo Park, California, watu waliopenda kompyuta walianza kukutana kwenye gereji ya mwenzao, Gordon French. Ndiyo Homebrew Computer Club. Hata walipoongezeka wakahamia ukumbi mkubwa, msimamizi wao Lee Felsenstein aliugawa mkutano sehemu mbili. Kwanza watu wanasimama, kila mmoja anasema kwa kifupi ana nini, anajua nini, anatafuta nini. Baada ya hapo wanaachwa huru, kila mtu anamfuata yule aliyemsikia akitaja jambo lake. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwa humo, na michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I aliwagawia wenzake bure. Huo utaratibu wa Felsenstein ungetumika Masaki, fundi wa Aggrey angesimama sekunde 30 na shida yake ingeisha usiku ule ule.

Tena hata hapa kwetu mifano ipo. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani waliingia kwenye kata zinazofurika maji, Tandale ikiwemo, wakachora ramani na wenyeji wa huko huko, mitaro na vichochoro, ikawekwa OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, kila mtu aione. Teknolojia ilifanyika Tandale, na haikusubiri zulia jekundu.

Hicho Kiingereza nacho mnakiweka kwa ajili ya nani? Pale jukwaani wote ni Waswahili, na walipoteremka kuchukua soda walikuwa wanacheka Kiswahili kama sisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004! Sasa miaka yote hii imepita, kijana anayerekebisha bodi za simu bado anakaa nyuma kimya kwa sababu anaogopa kuchekwa akiuliza swali.

Jiji hili kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao hawakai Masaki wala Mikocheni. Wako Temeke, Ukonga, Kimara, Kigamboni, Chanika. Kijiwe kikihama kila mwezi, leo Ubungo, mwezi ujao Mbagala, unaofuata Kigamboni, hakuna atakayelazimika kulala njiani kila mara. Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, kila mtu anarudi kwao jua linawaka. Vinavyohitajika ni meza, kivuli, umeme wenye ekstensheni mbili tatu, na mama lishe wa jirani mwenye chai na chapati, kila mtu ajilipie. Wanafunzi wa Mlimani wamejadili mambo mazito kwenye vimbweta vya zege miaka nenda rudi, bila MC. Fomu isiwepo kabisa. Anayetaka kuacha namba aiache kwa mtu aliyeongea naye. Na anayemsumbua dada wa watu aambiwe aondoke palepale, mbele ya wote.

Wadhamini sina ugomvi nao. Akitaka kutulipia chai alipe, bango alikunje, akae nasi mezani aseme anatafuta nini kama sisi wengine.

Waandaaji wa ule mkutano najua humu mnapita. Nawataka mambo mawili: mtuambie wazi namba zetu mmempa nani, na mzifute. Elfu 30 yangu kaeni nayo.

Kwa wengine: aliye upande wa Mbagala, Temeke au Gongo la Mboto na anajua sehemu yenye meza na umeme ambapo mwenye eneo hatatufukuza, aitaje hapa chini. Fundi wa Aggrey namba yake ninayo, na hao vijana watatu nitawatafuta mwenyewe.

Nawasilisha.