Tupeane uzoefu: kazi ya mchezaji wa hoki ya barafu anayehama kila msimu

Mwanabarafu

Wakuu, kila uzi wa hoki ya barafu huishia kwa nyota kama Gretzky na Crosby. Huu tuwaachie wahamaji, wale wanaoishi kwa mshahara wa hoki miaka kumi au zaidi bila jezi yao kuuzwa dukani. Anayeijua kazi hii atupe mambo yanayoshikika: mikataba, vifaa, safari, majeraha. Simulizi za utotoni tuziwekee uzi wake.

Nianze na ngazi zenyewe. Juu kabisa ni NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, yenye timu 32. Kikosi kina wachezaji wasiozidi 23, na usiku wa mechi wanavaa 20: makipa 2 na wengine 18. Lakini timu hiyohiyo inaruhusiwa kushika mikataba hadi 50. Zidisheni wenyewe: nafasi za kikosi 736, mikataba hadi 1,600. Hao mia nane na ushee wanaozidi wengi wao wanacheza AHL, ligi ya pili, yenye timu 32 na mechi 72 kwa msimu. Chini yake kuna ECHL, nayo mechi 72, na chini zaidi SPHL ya kusini mwa Marekani. Mhamaji anapanda na kushuka humo, na siku milango ikifungwa anavuka bahari kwenda Ulaya.

Msidhani mhamaji ni mchezaji mbovu. Mike Sillinger alichaguliwa na timu ya Detroit katika uteuzi wa vijana wa NHL mwaka 1989 akiwa wa 11 katika raundi ya kwanza, kisha akacheza mechi 1,049 za NHL akiwa na timu 12 tofauti. Hakuna aliyevaa jezi nyingi kuliko yeye katika ligi hiyo. Alikuwa mshambuliaji wa kati, hodari wa kugombea kisahani cha kuchezea (puck) mwamuzi anapokidondosha, na kazi hiyo kila kocha anaihitaji.

HesabuKwanza

Mkuu umefungua vizuri. Mimi nishike mkataba, maana hapo ndipo maisha ya mhamaji yanapoamuliwa, hata kabla hajavaa viatu.

Mkataba wake mara nyingi una mishahara miwili: mmoja akiwa NHL, mwingine akiwa AHL. Malipo yanahesabiwa kwa siku. Kima cha chini cha NHL kuanzia msimu wa 2023-24 kilikuwa dola 775,000. Msimu ule ulikuwa na siku 192, kwa hiyo siku moja juu ni kama dola 4,036. Tuseme mshahara wake wa chini ni dola 85,000: siku moja AHL ni kama dola 443. Akikaa juu siku 30 na chini siku 162, anamaliza msimu na takriban dola 193,000 kabla ya kodi na makato, na zaidi ya nusu ya hizo imetoka katika siku 30 tu. Ndiyo maana wahamaji huhesabu siku kuliko mabao.

Toa asilimia ya wakala, kwa kawaida 3 hadi 5. Toa kodi ya majimbo ya Marekani, ambayo humdai mchezaji kwa siku alizofanya kazi katika kila jimbo hata kama haishi huko. Anayetumia mshahara wa mwezi alipopandishwa kama kipimo cha matumizi ya mwaka, Machi inamkuta na deni.

Kuna pia wenye mkataba wa AHL peke yake. Huyo hawezi kupandishwa NHL hata afunge kila usiku, mpaka timu imsainishe kwanza mkataba wa NHL, na nafasi iwepo ndani ya ile 50. Kabla ya kusaini, wakala amuulize meneja ana mikataba mingapi tayari. Timu iliyofika 49 mwezi Januari haimpandishi mtu kirahisi.

Tukuyu_Alberta

Hesabu, kwenye kupandishwa na kushushwa huko, naomba ufafanue orodha ya kuachwa (waivers). Wengi wanaichanganya na kufukuzwa.

HesabuKwanza

Sawa. Timu ikitaka kumshusha mchezaji kwenda AHL na muda wake wa msamaha (wa kushushwa bila kupita orodha hiyo) umekwisha, lazima imweke kwanza kwenye orodha hiyo kwa saa 24. Timu nyingine 31 zinaweza kumchukua. Zikimtaka zaidi ya moja, anakwenda kwa iliyo na msimamo mbaya zaidi. Asipochukuliwa, anashuka.

Msamaha unategemea umri aliosaini. Aliyesaini akiwa na miaka 18 ana miaka 5 au mechi 160 za NHL, kipi kitangulie. Aliyesaini akiwa na 25 au zaidi ana mwaka mmoja tu. Ndiyo maana kijana anashushwa na kupandishwa kama lifti, ilhali mtu wa miaka 28 anakaa jukwaani na suti yake: timu inaogopa kumpoteza.

Akishapita bila kuchukuliwa, anaweza kupanda na kushuka bila kurudi kwenye orodha mpaka acheze mechi 10 za NHL au akae kikosini siku 30. Mnapoona mtu anashushwa akiwa na mechi 9, msimlaumu kocha. Ni kalenda.

Na mtego mmoja wanaousahau sana: aliyekwenda kucheza Ulaya msimu ukiwa umeanza, akitaka kurudi NHL msimu huohuo, lazima apite kwenye orodha hiyo kwanza. Timu iliyompigia simu inaweza kumkosa na akajikuta mji mwingine kabisa.

Beki wa Kulia

Kuna namba moja ambayo mhamaji anapaswa kuijua kama tarehe yake ya kuzaliwa: 260.

Katika AHL, kati ya wachezaji 18 wa uwanjani, 13 lazima wawe wa kukuzwa: 12 wawe na mechi 260 za kulipwa au pungufu, na mmoja anaweza kufika hadi 320. ECHL inaruhusu wakongwe 4 tu, na mkongwe huanzia mechi hizohizo 260. Kwa mechi 72 kwa mwaka, misimu mitatu ni 216, na katika msimu wa nne anavuka 260. Hesabu huchukuliwa msimu unapoanza, kwa hiyo wa tano anauanza akiwa mkongwe. Aliyeanza na miaka 22 anafika hapo akiwa na 26, mwili bado una nguvu kabisa.

Tangu siku hiyo anashindana na wakongwe wenzake kwa viti vichache, hata kama ni bora kuliko nusu ya vijana. Anayedumu ni yule ambaye kocha hawezi kumpa kijana kazi yake: kucheza wakati timu iko pungufu kwa adhabu, kugombea kisahani upande wa ulinzi, kuzuia mashuti kwa mwili, kucheza mawinga yote mawili. Beki anayeshika gongo kwa mkono wa kulia ana soko refu zaidi, maana wengi hushika kushoto na makocha hupenda jozi ya mkono huu na huu. Makipa hawaguswi na sheria hii, na ndiyo maana utakuta kipa wa miaka 35 bado yuko AHL.

Basi la Usiku

ECHL nawaelezea kwa kifupi. Mshahara unalipwa kwa wiki, ni wa mamia ya dola, na msimu ukiisha Aprili nao unaisha. Timu hutoa nyumba, kwa kawaida wawili watatu kwenye fleti moja. Ratiba ngumu ni ile ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, katikati usiku kwenye basi lenye vitanda. Siku ya tatu miguu ndiyo inayokufa, kwa hiyo zamu za kuwa barafuni zifupishwe kutoka sekunde 45 hadi 30 au 35. Anayeng'ang'ania barafuni dakika nzima siku ya Jumapili ndiye anayeachwa nyuma bao likiingia.

Simu ya kupanda AHL huja kama mkataba wa majaribio wa mechi zisizozidi 25. Timu inaweza kuukata wakati wowote. Kwa hiyo usirudishe funguo za fleti ya ECHL ukidhani umehama, na usisaini pango la mwaka mjini kokote. Pasipoti na viza ya P-1 (ya wanamichezo wageni Marekani) vikae kwenye begi la mkononi. Safari ya kuvuka mpaka wa Kanada ikimkuta bila karatasi, nafasi anapewa mwingine usiku huohuo.

Wachezaji wa AHL na ECHL wana chama chao, PHPA, tangu 1967. Namba ya chama iwe kwenye simu kabla ya tatizo.

Noa Makali

Nije kwenye vifaa, maana hapa mhamaji anapoteza wiki nzima ya kwanza bila kujua sababu.

Chuma cha kiatu hakina makali bapa. Chini kimechongwa mfereji, na pande zake mbili ndizo zinazouma barafu. Kina cha mfereji hupimwa kwa nusu kipenyo cha duara: nusu inchi, yaani milimita 12.7, ndicho kipimo cha wengi. Ukishuka hadi inchi 3/8 mfereji ni wa kina zaidi, unauma sana, unageuka haraka lakini unachoka. Ukipanda hadi inchi 5/8, karibu milimita 16, unateleza zaidi na kuuma kidogo. Mtu mzito kwenye barafu laini akinolewa 3/8 anahisi kama anavuta jembe. Mtu mwepesi kwenye barafu ngumu akinolewa 5/8 anaanguka kwenye kona.

Sasa anafika timu mpya saa 4 asubuhi, fundi wa vifaa hamjui, anamnolea kama wengine. Mazoezi ya kwanza miguu inakataa, na kocha anaandika "mzito". Dawa ni kadi ndogo ndani ya begi: kipimo cha mfereji, mviringo wa chuma kutoka mbele hadi nyuma, urefu wa chuma kilichobaki, na kama hupenda kitovu cha mviringo huo kisogezwe mbele au nyuma. Chukua pia jozi moja ya vyuma vya akiba vilivyokwisha nolewa. Kwenye viatu vingi vya leo chuma hutoka na kuingia chini ya dakika moja.

Magongo vilevile. Namba kama 85 iliyoandikwa kwenye gongo ni nguvu ya pauni inayohitajika kulipinda inchi moja. Ukikata inchi 2 juu, gongo linakuwa gumu zaidi ya namba iliyoandikwa. Aliyezoea 85 lililokatwa akipewa 85 zima, mashuti yake yanapaa. Kadi iwe na namba hiyo, urefu, mkunjo wa bapa na pembe yake. Timu ndogo haina bohari, kwa hiyo asafiri na magongo 3 au 4 yake mwenyewe.

Viatu vipya huokwa kwenye oveni maalumu, takriban nyuzi 80 za Selsiasi, dakika chache, kisha mguu unaingizwa vikiwa na joto. Usifanye hivyo asubuhi ya mechi. Na glavu ziwe jozi mbili: za jana haziwezi kukauka ndani ya basi, na glavu mbichi huchuna viganja.

Mkazi wa Köln

Ulaya. Ligi ya Ujerumani, DEL, ina timu 14 na mechi 52. Klabu inaweza kutumia leseni 11 za wageni kwa msimu, na 9 tu kwenye mechi moja. Uswisi ni 6 kwenye mechi tangu 2022-23. Maana yake mgeni hashindani na timu nzima, anashindana na wageni wenzake, na anatarajiwa kufunga au kucheza dakika nyingi. Mtu aliyeishi Amerika kwa kuzuia mashuti akiwa safu ya nne, ile ya dakika chache, hapa hana soko kama mgeni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta vyeti vya babu na bibi. Mkanada anayepata pasipoti ya Kijerumani hahesabiwi kwenye leseni, na thamani yake hupanda siku ileile. Shughuli ya vyeti huchukua miezi, hivyo ianze akiwa bado ECHL, asisubiri Julai.

Mkataba wa kawaida wa mgeni una fleti yenye samani, gari, tiketi za ndege na bima ya afya. Soma kama mshahara umeandikwa kabla au baada ya kodi. Hapo ndipo watu hulia. Soma pia kipengele cha majaribio ya wiki za mwanzo, na nani anamlipa daktari mkataba ukivunjwa katikati ya jeraha.

Uwanja nao ni tofauti. Wa NHL ni mita 61 kwa 26, na viwanja vingi vya Ulaya ni 60 kwa 30. Mita hizo 4 za upana zinamdanganya beki: akimfuata mshambuliaji hadi ukutani kama alivyozoea, lango linabaki wazi nyuma yake. Inachukua kama mwezi kuzoea.

Uingereza mshahara ni mdogo, lakini klabu kadhaa hutoa nafasi ya shahada ya uzamili pamoja na mkataba. Kwa mtu wa miaka 31, hiyo ni sehemu ya malipo.

Beki wa Kulia

Hapo kwenye Uingereza niongeze jambo zito. Adam Johnson wa Hibbing, Minnesota, alikuwa mhamaji hasa: mechi 13 za NHL na Pittsburgh, AHL, Malmö ya Uswidi, Augsburg ya Ujerumani, kisha Nottingham. Tarehe 28 Oktoba 2023, kwenye mechi huko Sheffield, alikatwa shingoni na kiatu cha kutelezea akafariki. Alikuwa na miaka 29.

Ligi ya Uingereza ililazimisha kinga ya shingo kuanzia Januari 2024, AHL na ECHL msimu wa 2024-25. Mnunue ile ya kitambaa kisichokatika kwa chuma. Kitambaa cha kawaida cha joto hakikingi kitu. Ikae juu hadi chini ya kidevu bila pengo kati yake na kinga ya mabega. Wanaosema inawasha wapewe saizi sahihi, wasipewe ruhusa ya kuivua.

Tukuyu_Alberta

Na kijana wa Nairobi anayeanzia rinki ya Panari? Kenya iliingia IIHF, shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, kama mwanachama mshiriki Septemba 2024, watu wanauliza.

Mwanabarafu

Rinki ile ni ndogo kuliko uwanja rasmi. Inafundisha mikono na kugeuka haraka, lakini mbio ndefu na kasi ya nafasi kubwa haifundishi. Anayeitaka kazi hii anahitaji ligi za vijana nje akiwa na miaka 15 au 16. Akichelewa hadi 20, wenzake wameshacheza mamia ya mechi.

Basi la Usiku

Naongeza la majeraha, maana limeguswa juujuu. Aliyevunjika mguu kwa kuzuia shuti analindwa na bima ya ajali kazini, ilimradi iandikwe usiku huohuo. Fomu isainiwe na mtabibu wa timu, nakala ichukuliwe kabla ya kuondoka mjini. Picha za eksirei na ripoti zote zihifadhiwe. Na mwisho wa msimu asikubali kusaini karatasi ya kuwa yuko sawa kiafya kama bega bado linauma. Akishasaini, upasuaji wa Juni anaulipia mwenyewe.