Yule fundi wa kukausha wanyama kampa ndezi wangu CHONGE!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono inanitetemeka. Simtaji. Wa Mtwara mnamjua, wa Lindi mmemsikia.

Dume langu la ndezi, wale panya wakubwa ninaofuga, lilikufa, nikataka likaushwe likae pale bandani, wanaokuja kununua ndezi wa mbegu walione. Leo nafunua gunia: ndezi ana CHONGE. Nne! Nyeupe pee, zimeshuka hadi kidevuni. Mtoto wa jirani katimka, nadhani saa hizi yuko Mikindani.

Namuuliza, fundi, haya meno ya nani? Ananijibu huku anatafuna muhogo: "Kwani nani atamfungua mdomo?"

Nani atamfungua mdomo! Mdomo wenyewe haufungi kwa machonge hayo!

Ndezi hana chonge hata moja. Ana meno mawili ya mbele juu, mawili chini, halafu pengo tupu mpaka kwenye magego. Kwa mbele yana rangi ya chungwa kwa ajili ya madini ya chuma, na yale ya juu kila moja lina mifereji mitatu, unaisikia ukipitisha ukucha. Na meno yake nilimwachia, kichwa kizima! Chemsha fuvu kwa moto mdogo, moto mkali unapasua jino. Chomoa taratibu, mzizi umejipinda ndani kabisa ya taya. Punguza urefu, gandisha kwa gundi, paka ufizi rangi. Basi! Yeye kachonga plastiki ya ndoo.

"Kwani nani atamfungua mdomo?" Na muhogo mdomoni. Na salio analitaka!

Kiboko_wa_Ligula: Pole mkuu. Ila ndezi mzima mzima unamkausha, nyama ile? Umetukosea sisi.

BintiNewala: Uzi bila picha ni majungu.

Komba_wa_Rondo: Ni huyo huyo! Sungura wa mjomba kamwekea meno mawili tu juu. Sungura ana manne, mawili madogo yamejificha nyuma ya yale makubwa. Kumwambia, akasema tumfufue tuhesabu.

Mleta uzi: @Komba_wa_Rondo umeona? Dharau hiyo ndiyo ninayoisema! Nani atamfungua mdomo!

Kiboko_wa_Ligula: Alikuwa na kilo ngapi lakini?

Mzawa_Lindi: Nyie mnalilia ndezi. Mifupa ya mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru huku Lindi, Wajerumani waliichimba 1909 hadi 1913, mpaka leo iko Berlin. Hapo mko kimya.

BintiNewala: Mjusi atatulipia ada? Korosho tumepeleka ghalani, mnada umepita, hela hatujaiona.

Mleta uzi: Jamani, tuko kwenye ndezi.

Mzawa_Lindi: @BintiNewala na nyie? Huku kwetu tunaambiwa wiki ijayo kila wiki.

BintiNewala: Fungua uzi wake, mkuu, tuhamie huko.